Betri ya Gari Uliloliacha

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Soko la Mitumba.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua, na baridi ya huko imepungua au angalau umeizoea. Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ila goti linamuuma akiambiwa apande ngazi na haliumi kabisa akienda sokoni, sijui ni goti la namna gani hilo. Mimi na cherehani yangu tunaendelea kugombana barazani kama kawaida. Msimu huu ni wa sare za shule, nimeshona kola mpaka naziona ndotoni.

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Usinione kimya ukadhani nimeipuuza. Uliandika gari liuzwe, hata kama ni kwa wanunuzi wa vyuma, kwa kuwa limekaa mwaka na zaidi bila kwenda popote, betri itakuwa imekufa zamani, na wewe hujui tena utarudi lini. Nilimsomea Mama barua yote isipokuwa hapo. Nilipofika hapo nikaparuka, nikaendelea na habari za mvua za huko.

Unajua mwenyewe anavyolihesabu gari lile. Maadamu lipo bandani, wewe umetoka tu, utarudi. Nikimwambia linauzwa nitakuwa nimemwambia jambo jingine kabisa. Ndiyo maana nilinyamaza kwanza mpaka nijue kwa hakika lina hali gani. Sasa najua. Kaa vizuri kwenye kiti, maana nina mambo ya kukusimulia, na mengine ni ya kuniaibisha.

Naanza na ya aibu. Ulipoondoka ulinipa ufunguo ukasema niwe nalipiga stata mara moja moja, betri isilale. Na mimi ukinipa kazi huwa nazidisha. Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilifungua banda, nikalivua turubai, nikaliwasha dakika tano redio ikiimba, nikalizima, nikalifunika tena. Mama aliacha lolote alilokuwa akifanya, akaja kusimama mlangoni kusikiliza injini. Na chakula cha siku hiyo kilikuwa hakina mfano. Nikajiona mlinzi hodari. Nilitamani uje hata kwa siku moja uone nilivyo na bidii.

Mwezi wa tano tangu uondoke, nikazungusha ufunguo, gari likasema "tik". Basi, hapo hapo. Nikarudia, tik. Taa za mbele ziliwaka kama kibiriti kinachokwisha. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Limelala?" akauliza.

"Limelala, Mama."

Akarudi jikoni. Siku hiyo mchuzi haukutiwa chumvi.

Nilimwita fundi umeme wa magari, yule wa pale kona mwenye kofia ya sufu jua likiwaka. Akaweka kipimo chake kwenye betri, akasonya, akaniambia, "Dada, hii ni ya kuzika. Tafuta mpya." Sikufichi, nililia mbele ya fundi mpaka akavua ile kofia.

Sasa sikiliza. Baba Mdogo alikuwa ameketi uani kwenye kiti chake, na gazeti la juzi mkononi. Unamjua alivyo tangu ahamie kwetu baada ya kustaafu: salamu asubuhi, asante ya chakula, na usiku mwema. Unakumbuka tulivyokuwa tukimcheka utotoni, kwamba kazi yake yote katika jumba la mitambo ya simu ni kunywesha betri maji? Siku hiyo aliinuka bila kuitwa. Akavua saa yake. Kisha akavua pete ya ndoa, Kaka, ile ambayo tangu Mama Mdogo afariki haivui hata akioga. Akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo. Halafu akanitazama mikono.

"Vua bangili," akasema. "Chuma kikigusa nguzo mbili za betri kwa pamoja, utaungua kabla hujasema mama."

Nikavua. Hata fundi akavua saa, na hakuna aliyemwambia.

Akaingia chumbani kwake, akatoka na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo. Ni bomba la kioo lenye mpira juu wa kuminya, na ndani yake kuna kijiti cha kioo kinachoelea, chenye namba. Haidromita, kipimo cha nguvu ya maji ya betri. Wenzake wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Yeye saa aliiacha, akaomba aondoke na hicho. Akafungua vifuniko vidogo sita juu ya betri, akafyonza maji ya chumba cha kwanza, akayainua machoni, akayarudisha taratibu bila kumwaga tone. Akaenda cha pili. Mpaka cha sita. Mikono ile inayotetemeka akishika kikombe cha chai haikutetemeka hata kidogo.

"Haijafa," akasema. "Ina njaa. Nani alikuambia uwe unaiwasha dakika tano?"

Nilikusingizia wewe, Kaka, unisamehe. Ingawa kusema kweli haikuwa kusingizia.

Akacheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba wake. Akanieleza kwamba kupiga stata kunachota umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, na injini huurudisha polepole sana. Dakika tano hazirudishi hata nusu. Hapo bado redio yangu. Bado saa ya kwenye dashibodi na kengele ya wezi, ambazo hunyonya usiku na mchana gari likiwa limelala. Kumbe kila Jumamosi nilikuwa nachota kwa ndoo na kurudisha kwa kikombe, na kujipongeza juu yake. "Bora ungeisahau," akasema. Tena betri ikikaa na njaa, sahani zake za ndani hushikwa na ukoko mweupe, na ukoko ukikomaa hapo ndipo fundi atakuwa amesema kweli.

Fundi akajitolea kuichaji kwa nguvu, saa moja iwe tayari. Baba Mdogo akamkatalia. "Hii haijala miezi," akamwambia. "Kijiko kijiko, si sinia zima." Akaazima chaja ndogo, akaiweka betri juu ya ubao karibu na dirisha lililo wazi, akakataza moto na sigara, maana betri ikichajiwa hutoa hewa inayoshika moto. Fundi akadakia kwamba ubao ni lazima, sakafu ya saruji hunyonya umeme. Baba Mdogo akamwambia hayo yalikuwa ya betri za zamani, za sasa hazijali. Fundi akauliza, mbona basi umeweka ubao? "Nimezoea," akajibu.

Siku mbili nzima alikaa na betri ile. Nilimkuta ameinamisha sikio juu yake, nikadhani amelala. Alikuwa anasikiliza mapovu. Akaniita nami nisikilize. Kaka, ndani mlikuwa na mchemko mdogo, mdogo mno, kama maji ya chai yanapoanza kufikiria kuchemka. Kitu tulichoambiwa tukizike kilikuwa kinafanya kazi pale chini ya sikio langu, hakina haraka na mtu.

Kuanzia hapo akanipa masharti, nami nayaandika hapa ili siku moja uyatumie. Betri ilale ikiwa imejaa, hilo ndilo kubwa kuliko yote. Waya wa hasi ndio hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Nguzo zisuguliwe kwa maji ya magadi mpaka ule unga wa kijani utoke, zikaushwe, zipakwe mafuta ya mgando. Ndani hunyweshwa maji ya betri ya chupa, si ya bomba, na kama sahani hazijatokeza nje ya maji, usiiongezee mpaka iwe imekwisha kuchajiwa, ikiwa na njaa isubiri. Na kipimo kikianza kushuka usingoje kifike chini, ipe kijiko chake cha chaja.

Kwa desturi ya jumba la simu kila chumba cha betri kina kadi yake. Basi betri yako ina kadi sita, nimezikata mwenyewe kwenye maboksi ya vifungo. Kila Jumatatu asubuhi anavua pete, anapima, anaandika. Chumba cha nne ndicho mtoro wetu, kila wiki kiko nyuma ya wenzake kidogo. Baba Mdogo hukisemesha peke yake. Sitakuambia anakiambia nini, ni maneno ya kazini.

Ila kulikuwa na Mama. Jumamosi ilifika, saa nne, akaja mlangoni na mwiko wake, akakuta banda limefungwa. Hakuna cha kuwashwa. Jumamosi ya pili vilevile. Nilimweleza habari ya ndoo na kikombe, akaitikia, lakini akaanza kupungua. Hata goti la sokoni likaanza kuuma. Nikawa nashona na kuharibu.

Baba Mdogo aliliona hilo kabla sijamwambia. Jumatatu moja akamwita, "Shemeji, njoo uone." Akafyonza maji ya chumba cha kwanza, akamwinulia lile bomba karibu na dirisha. Kile kijiti kilipanda kwenye maji kikasimama wima, kinacheza kidogo. "Kikipanda hivi, yupo," akamwambia. "Akiondoka, kinazama." Mama alikitazama kijiti kile mpaka nikaona haya kuwa pale. Tangu siku hiyo chai ya Baba Mdogo ya Jumatatu huileta yeye mwenyewe, kusudi aone vijiti sita vikipanda.

Ndipo siku moja wakiwa hapo Mama akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba uchungu wa kukuzaa wewe ulipomshika, mti ulikuwa umeangukia nguzo ya umeme na mtaa mzima hauna umeme siku ya pili, akaenda duka la jirani akapiga simu kazini kwa Baba, na simu ikaita. Alishangaa miaka yote hiyo simu iliitaje bila umeme. Baba Mdogo alikuwa anafuta bomba lake kwa taulo. "Ziliita zote," akasema. "Betri zetu zilibeba simu za mji siku tatu. Nilikuwa zamu." Kisha akaandika kadi ya chumba cha sita.

Mama akakaa kwenye ngazi. Mimi nilisimama na sindano mdomoni, nimesahau ninakokwenda. Miaka ishirini na minane, Kaka, mtu anaingia chumba kisicho na dirisha la mtaani, anavua pete, anapima betri moja moja, ili siku umeme ukikatika asiwepo hata mmoja wa kujua kwamba kuna kilichokatika. Nasi tulikuwa tunamcheka. Nimemwomba radhi kwa niaba yako pia. Alisema hakumbuki kuchekwa, na najua anakumbuka.

Sasa nije kwenye barua yako. Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Alhamisi iliyopita nilimwomba Baba Mdogo tulijaribu gari. Hakuniuliza sababu. Akapima vyumba sita, hata mtoro alikuwa kijana. Tukafungua milango ya banda yote miwili moshi upite, tukaongeza petroli mpya, tukairudisha betri, tukakaza nyaya, hasi mwisho. Akanipa ufunguo, akarudi nyuma hatua mbili.

Nilizungusha mara moja. Moja tu. Likawaka kana kwamba umelizima jana. Sijui nilisema nini, nadhani nilipiga kelele. Baba Mdogo alikuwa ameweka mkono juu ya boneti, machozi yanamtoka na hayafuti.

Mama alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Hakusimama mlangoni safari hii. Akazunguka upande wa abiria, akafungua mlango, akaingia, akafunga mkanda, akatazama mbele ukutani. Unatujua: katika nyumba hii hakuna hata mmoja anayejua kuendesha. Tulikaa hivyo, gari linanguruma, mimi kwenye usukani kama sanamu. Baada ya muda akasema, "Lizime, usimmalizie mafuta."

Nikazima. Hakushuka.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie sikatai. Ni gari lake. Lakini kama ni kuliuza, aje aliuze mwenyewe, kwa mkono wake, nami nikiwa nimesimama hapa."

Nikamuuliza alijuaje. Akafungua mkanda taratibu. "Ulipofika kwenye mvua," akasema, "ulianza kusoma vizuri mno."

Basi, Kaka, sikuuza wala sitauza. Betri yako haijafa, kwa hiyo sababu hiyo usiiandike tena. Kama unayo nyingine, iandike wazi, nitaisoma yote kwa sauti bila kuruka.

Baba Mdogo anakusalimu sana na anasema betri amekwisha kuichomoa, amerudia kadi zake. Fundi wa kofia anakusalimu, siku hizi huja Jumatatu kujifunza. Shangazi na binamu zako wote wanakuulizia. Mungu akulinde katika kazi zako, akupe afya na akufungulie njia.

Mama hajatuma salamu mara hii. Nilimngoja na kalamu mkononi, akasema za karatasi amechoka nazo.

Ni mimi, nikupendaye siku zote,
Kitinda mimba wenu.