Naja Polepole Nyuma ya Barua Hii

Bura

Kwa Baba yangu Mghendi, huko Mghange,

Nakusalimu kwa heshima, Baba. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko juu? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila miguu ndiyo inalalamika. Najua atakayekusomea haya ni dada yangu Mkawasi. Basi Mkawasi, soma taratibu, na usiruke pale utakapoona haya kwa ajili yangu.

Miaka mitatu sikuandika. Nilikuwa Mboghoni, upande wa Taveta, katika shamba la mtu, nikipalilia migomba na kufungulia maji ya mifereji. Nimeoa huko bila wewe kuwepo, na hilo nalo ni kosa langu. Mke wangu Anastasia ana mimba ya miezi sita. Yeye ndiye aliyenituma nije kuhiji Bura kwa miguu, sikukuu ya Mama Maria, nikamwombee mtoto.

Tulitoka watu tisa. Kiongozi wetu alikuwa Yohana, mwalimu wa dini, ambaye hutembea kama mtu anayekimbilia gari moshi. Mimi nilipewa kumsindikiza mjane mmoja mzee, Mama Wakio, mzaliwa wa Chawia aliyeolewa Taveta, kwa kuwa nina mabega ya kubebea mzigo wake. Kufika Mbuyuni, hata vumbi la wenzetu hatukuliona tena. Mama Wakio kila akipata kivuli anakaa, anavua viatu, anamenya ndizi na kunipa nusu.

"Mama, tutachelewa misa," nikamwambia.

"Kwani Mungu ni treni, atatuacha? Kaa chini wewe. Unatembea kama umeitwa polisi."

Siku ya kwanza alinikasirisha kweli. Siku ya pili nikamzoea. Siku ya tatu, karibu na Maktau, ndovu walisimama njiani, nasi tukangoja asubuhi nzima mpaka walipoamua wenyewe kuondoka. Nilijishangaa, kwa sababu sikutaka waondoke. Upepo ulikuwa mzuri, na kule mbele milima yetu ilikuwa imeanza kuonekana. Nilipoiona nililia, Baba, sikufichi. Mama Wakio aliendelea kumenya ndizi yake.

"Baba yako yuko hai?" akaniuliza baadaye.

"Yuko."

"Alikutasia lini mara ya mwisho?"

Nikamweleza yote. Nilimwambia jinsi ulivyowaita wazee siku ile ninaondoka ili unitasie, ukajaza mdomo pombe ya miwa, ukanipulizia usoni na kifuani ili hasira yote uliyokuwa nayo juu yangu ikutoke moyoni, nami niende na baraka zako. Nilikuwa nimebatizwa juzi tu. Mbele ya wazee wote nikatoa kitambaa cheupe mfukoni, nikajifuta. Nilidhani Mkristo mzuri hufanya hivyo. Wewe ukameza iliyobaki mdomoni, ukaingia ndani.

Mama Wakio alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta machozi.

"Mimi nilibatizwa kabla wewe hujazaliwa," akasema, "na mama yangu alinitasia mpaka alipokufa. Maskini, mzee wa watu. Akameza!"

Nimetembea na neno hilo mpaka huku.

Tulipofika misa ilikuwa imekwisha, watu wanakula. Mwalimu Yohana alitugombeza sana. Mama Wakio akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akanishika mkono tukaingia kanisani. Tulipiga magoti sisi wawili tu. Nilitaka kumwombea mtoto, lakini kila nilipofumba macho nilikuona wewe, umesimama uani na ile pombe mdomoni. Nikaona kwamba safari yangu bado haijafika mwisho. Ninaona aibu, Baba, na ninakukumbuka kila siku.

Mwalimu anapanda Mghange kesho kuwaona wakwe zake, na ndiye anayekuletea barua hii. Kwa mwendo wake atafika kabla ya jua kuzama. Mimi na Mama Wakio tutapitia Chawia kwa dada yake, na safari hii simharakishi. Nataka upate siku za kukasirika kwanza, halafu siku za kufikiri. Jumamosi nitakuwa pale kwenye kijito, chini ya shamba letu la miwa. Sitavuka mpaka uniite. Usiponiita nitakaa mpaka jua lishuke, kisha nitarudi kwa mke wangu, wala sitakulaumu.

Nisalimie Mama, umwambie nimemletea ndizi za Taveta, kama Mama Wakio hatazimaliza. Nisalimie shangazi Mkamburi, aliyekuwa akinivusha kijito hicho mgongoni, na mjomba Mwakazi mfua vyuma. Na wewe Mkawasi, msomaji wetu, asante kwa kufika hapa. Baba akinyamaza, usimwulize kitu, mwache tu.

Pombe nayo inataka siku zake, ndiyo maana naja polepole. Kama shambani bado kuna miwa, Baba, kamua kidogo. Mara hii sina kitambaa mfukoni.

Ni mimi mwanao,
Mwadime