Kesho Nne Kwenye Ubao Wetu

Shule ya Udereva Taratibu,
Ofisi ya nyuma, jirani na kituo cha mafuta.
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kiguu,

Hujambo huko uliko? Shemeji yangu hajambo? Na mwanangu, huyo ninayemlea kwa kumtazama pichani, meno yameshatoka au bado anatafuna vidole? Sisi tunaamka, tunafokeana kidogo, tunakula, tunalala, kwa hiyo tu wazima. Mgongo wa Mama umepata nafuu, siku hizi anainama mwenyewe kufunga viatu na anataka kila mtu ashuhudie. Fundi yupo, bado anaishi chini ya magari kama kenge. Habari za Baba nitazifikia, maana hasa ndizo zilizonikalisha hapa.

Utashangaa dada yako kuandika barua zama hizi. Lakini simu ikilia na ikawa ni wewe, Baba huiweka sauti kubwa, akaitua katikati ya meza, na wanafunzi wakavuta viti. Jambo la watu wawili halipiti hapo.

Nianze na lililo moyoni, nisije nikazunguka nikaishiwa karatasi. Nakuonea wivu, Kiguu. Sitanii. Mtu akikusifu nakohoa.

Tangu uondoke, jina lako ndilo linalofungua ofisi asubuhi. Baba hajavua hata koti, ameshaanza: "Kama alivyosema mwanangu..." Aje mteja kuuliza masomo ya pikipiki, ataelezwa kwanza kwamba binti wa nyumba hii anafundisha taaluma ya mustakabali chuo kikuu. Mwenye duka la mkabala alikuja na karatasi yake ya mechi akitaka umtajie nani atashinda Jumamosi. Nilimweleza kwamba elimu yako si ramli, akaniambia basi haina faida. Nisamehe, nilicheka kwa raha. Baba alikasirika mpaka akasahau chai yake.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Waje nyumbani kwetu waone. Nyoka atauawa na mwingine, sifa itapewa fimbo ya mbali.

Siku zile mbili ulizotukalisha darasani hata mimi sizisahau. Baba ndiye aliyekuita, kwa hofu. Alikuwa amesikia kwamba magari yatajiendesha yenyewe, akawa anauliza kama kuna haja ya kupanua kiwanja cha mazoezi au afunge shule tukatafute kazi nyingine. Ukasimama kati ya vigari vya kuchezea tunavyofundishia makutano ya barabara, ukatuambia kwamba wewe na wenzako hamtabiri. Kesho haiko moja ya kukisiwa, ziko nyingi, na kazi yenu ni kuzichunguza zile zinazowezekana ili mtu aamue la leo akiwa macho. Ukachora msalaba ubaoni. Mstari mmoja: magari yanayojiendesha, mengi au machache. Mstari mwingine: watu kumiliki gari, wengi au wachache. Vikapatikana vyumba vinne, kesho nne. Katika kimoja tunafundisha watu kusimamia mashine, katika kingine tunafundisha madereva wa mabasi tu, katika cha tatu tunawafundisha wazee waliochoka kutegemea wajukuu. Cha nne Fundi alikiita "Wote Twende kwa Miguu", na Baba akacheka hadi akatoa leso.

Hapo ndipo lilipoanzia donge langu. Mimi nimekaa na mzee huyu ndani ya gari moja tangu nilipopata leseni. Hajawahi kuniuliza naionaje kesho. Huniuliza kama tairi zina upepo.

Ulipoondoka, nilichukua kifutio nianze somo la mzunguko wa barabarani. Baba alinyanyuka kama nimeshika mtoto wa watu.

"Usifute! Hiyo ni kazi ya mdogo wako."

"Baba, nitafundishia wapi?"

"Ulimwengu ni mpana, mwanangu."

Basi nikafundishia uani. Nimechora mizunguko chini kwa mkaa, watu wazima wameinama wakiizunguka kama waliodondosha sindano, na ndani ubao mzima umekaa bure umebeba msalaba wako. Mvua ilinyesha ikafuta mzunguko wangu. Msalaba wako haukulowa. Hebu niambie wewe ungekuwa mimi ungefanyaje.

Sasa sikiliza kwa makini.

Kuna neno ulilitaja siku ile, dalili hafifu. Ulisema mabadiliko makubwa hayaji yakipiga honi, huanza kwa vitu vidogo vinavyochomoza pembeni, na mtaalamu hujizoeza kutazama pembeni. Nilinong'ona kwa Fundi kwamba dalili ya mvua ni mawingu, hilo Bibi alilijua bila digrii. Nilitaka acheke. Hakucheka. Akasema, "Kioo cha pembeni cha kushoto cha gari la Baba kimekwanguka tena, fremu yake nimeipaka rangi juzi."

Neno lile la dalili likanikaa. Nikaanza kumtazama Baba. Anapita mlangoni bega linagonga kizingiti. Ukimjia kwa upande anashtuka, kama umezuka ardhini. Mama akimpa kikombe kutokea pembeni, mkono wake unapapasa hewani kabla haujakipata. Gazeti analisoma vizuri kabisa, ndiyo maana hakuna aliyehisi kitu. Nilikuwa nimeziona zote hizo moja moja, nikaziita uzee. Baada ya somo lako zilikataa kukaa moja moja.

Wiki iliyopita nilikuwa kiti cha nyuma, tunakwenda kumchukua mwanafunzi wa zamu iliyofuata. Usukani alikuwa nao muuguzi wa hospitali, mwanafunzi wetu mwoga kuliko wote. Baba yuko pembeni yake na breki yake ya mwalimu mguuni, anamsimulia kesho ya tatu, ile ya wazee. Mkokoteni ukatoka uchochoro wa kushoto, umejaa madumu ya maji. Nikangoja Baba akanyage. Hakukanyaga. Aliendelea kusimulia. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyebana breki, gari likazima, madumu mawili yakaanguka yakapasuka mbele yetu, na mwenye mkokoteni akatuombea mabaya ambayo sitayaandika.

"Vizuri sana," Baba akamwambia muuguzi. "Nilikuwa nakupima."

Muuguzi alinitazama kwenye kioo. Macho ya muuguzi hayadanganyiki. Nami nikaogopa, Kiguu, kuliko nilivyowahi kuogopa barabarani.

Unamjua Baba. Ukimwambia aache gari, ataendesha siku hiyohiyo mpaka mafuta yaishe. Mama alijaribu kugusia macho tu, akajibiwa kwamba yeye ndiye anayehitaji miwani kwa kuwa haoni chumvi anayozidisha. Nilizunguka na jambo hilo nikakosa pa kuingilia. Kila mlango wa Baba umefungwa, isipokuwa mmoja, na huo una jina lako.

Ijumaa, wanafunzi walipotoka kula, nilimkuta mbele ya ubao akiutazama kama picha ya harusi. Nikachukua chaki.

"Baba, iko kesho ya tano haikuandikwa."

Akageuza kichwa chote. "Kiguu ametuma?"

Hapo ndipo nilipolipa, mdogo wangu. Nilijua nikisema "hapana, ni yangu", atarudi kwenye gazeti. Nikasema, "Ni njia yake ileile."

Akavuta kiti.

Unakumbuka ulitufundisha kwamba mtu akishaiona siku anayoitaka, anarudi kutoka huko hatua kwa hatua mpaka afike leo, ajue aanzie wapi? Wewe uliipa jina refu, Fundi akaiita kupanga kwa rivasi, na hilo ndilo lililobaki. Nikamuuliza, "Ile siku utakayoshuka kwenye gari kwa hiari yako, bila kushushwa na mtu wala ajali, inafananaje?"

Akaugeukia ubao, nikadhani nimeharibu. Kisha akasema taratibu, "Ni mchana. Niko hapahapa darasani, nafundisha alama za barabarani. Sina haraka."

"Umefikaje?"

"Nimeletwa."

"Na gari la mafunzo analo nani?"

"Kiguu atakuwa amerudi," akasema, bila hata kufikiri.

Chaki ilinikatikia mkononi. Nakuambia ili ujue. Nikaokota kipande, nikaandika jina lako kwa herufi nzuri, maana nilitaka tuendelee. Nikamrudisha rivasi. Kabla ya siku hiyo kulitokea nini? Akasema amewaaga wanafunzi wake. Na kabla ya kuwaaga? Amewaambia kwa nini. Na kabla ya kuwaambia?

Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Nimekwenda kwa daktari wa macho."

Sikuwa nimetaja macho, Kiguu. Wala kidogo.

"Kumbe unajua, Baba?"

"Natazama kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Katikati naona. Pembeni kumekufa." Akasugua kofia kwa kidole gumba. "Ule mkokoteni sikuuona. Niliyasikia madumu yakianguka."

Nilikaa chini, kwenye benchi la wanafunzi. Na kwa kuwa moyo wangu ni wa udongo kama wa mtu yeyote, hata wakati ule niliuliza nililouliza.

"Na mimi, Baba? Kwenye hiyo kesho yako mimi niko wapi?"

Akanishangaa kweli, kama nimeuliza lile angani ni jua au mwezi. "Wewe? Wewe hukai kwenye kesho. Wewe upo. Mtu akichora nyumba anayoiota, anaandika kwamba itakuwa na sakafu?"

Nimelitafuna neno hilo tangu Ijumaa. Najua ni sifa, pengine kubwa kuliko zote ulizowahi kupewa wewe. Lakini sakafu hukanyagwa, mwenzangu. Hakuna mgeni anayeingia nyumbani akasema, jamani, sakafu!

Jumatatu nilimpeleka. Daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye vidole baridi, alimpima muda mrefu, akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila siku, na kama angechelewa zaidi kusingekuwa na cha kulinda. Gari basi, kuanzia siku hiyohiyo. Baba alisikiliza yote amenyooka kama askari.

Daktari akasema wengi huja wakiwa wameshachelewa, kwa sababu ugonjwa huu huiba kimyakimya. Akauliza ni nani aliyegundua.

"Binti yangu mdogo," Baba akajibu haraka, kifua mbele. "Yuko mbali sana, lakini aliona kabla yetu sote. Ndiyo taaluma yake."

Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, nimemshikia koti, kofia na mfuko wa vipimo. Upande ule asioona.

"Mzee, una bahati kupata mtoto kama huyo," daktari akasema, kisha akanitazama, nadhani alisubiri neno. Nikasema, "Kweli kabisa, tuna bahati."

Tuliporudi, Baba alitundika funguo za gari kwenye msumari wangu ofisini, hakuhutubia, akaingia darasani kufundisha alama. Siku mbili hizi darasa limejaa kuliko zamani. Kwa kila kibao Baba ana kisa chake, na wanafunzi wanacheka mpaka Fundi analalamika hasikii injini. Muuguzi nimemchukua mimi. Keshokutwa anafanya mtihani, muombee. Ubao nimeufuta. Baba mwenyewe ndiye aliyeniambia, akasema mambo yaliyomo ameshayashika kichwani.

Sikudanganyi kwamba wivu umeisha. Nilidhani baada ya yote haya ungepungua, kumbe umekuwa mgumu zaidi, kwa sababu sasa siwezi hata kusema elimu yako ni maneno matupu. Bila lile neno lako la dalili, ningeendelea kumwita Baba mzee tu, na siku moja yasingekuwa madumu mbele ya lile gari, angekuwa mtu. Hilo nalikubali kwa meno yaliyobanwa. Ukija mwakani uje na vitabu vyako, unifundishe zaidi. Lakini darasa nitalisimamia mimi, nawe utakaa benchi la nyuma na utanyoosha kidole ukitaka kusema.

Sasa nikutume jambo moja, na ndiyo maana barua hii naituma kwa basi la leo ikuwahi. Jumapili Baba atakupigia kukushukuru. Amejiandaa, hotuba yake nimemsikia akiijaribu bafuni. Pokea. Usimwambie kwamba hukujua lolote. Matone yale yanawasha, na anayaweka kila asubuhi bila kugombana na mtu kwa kuwa anaamini yametoka kwako. Akijua yametoka kwangu, ataanza kujadiliana. Mwache ashukuru, nawe itikia kama mtoto mwema. Lakini wewe ujue. Nataka awepo mtu mmoja duniani anayejua, na nimekuchagua wewe huyohuyo ninayekuonea wivu.

Mama anakusalimu na anasema kula vizuri, pichani shingo imekonda. Fundi anakusalimu kwa mkono safi, amenawa makusudi. Mfikishie shemeji salamu zangu, na mwanangu umbusu mashavu yote mawili, umwambie la pili ni la mama yake mkubwa.

Mungu akulinde katika njia zote unazopita, akurudishe kwetu ukiwa mzima, na macho yako ayatunze mbele na pembeni.

Ni mimi nikupendaye, na wivu wangu wote,

Dada yako.