Saa Hasi Mbili Usiku

Jumatano, Usagara. Tangu asubuhi mawingu yametanda na mvua yenyewe haitaki kunyesha. Ni jasho tu. Nina hali mbaya leo, na safari hii sina wa kumsingizia.

Mnaopita kwenye blogu hii mnaijua Ukili, lugha ya programu ninayoiunda ili watoto waandike kwa Kiswahili. Wanaoitumia ni darasa moja tu duniani, klabu ya kompyuta ya Mwalimu Saumu. Wiki iliyopita alinialika nikatazame kazi zao.

Zuhura wa kidato cha pili alitengeneza programu ya kuwaamsha watu kwao wale daku. Kwenye kompyuta daku ni saa 4, kwetu ni saa kumi usiku. Kwa hiyo akatoa sita, akagawanya kwa kumi na mbili, akachukua baki. Kioo kikaandika: saa -2 usiku. Darasa zima likaangua kicheko.

Nami, fundi mwenyewe, nikamwambia mbele ya wote, "Umekosea mahali, mdogo wangu. Kaanze upya."

Hakukosea.

Leo ndiyo nimeona. Nilipoweka alama ya kugawanya namba nzima, niliiacha itupe desimali basi. Hasi mbili kwa kumi na mbili ikawa sifuri, baki hasi mbili. Ilitakiwa ishuke mpaka hasi moja, baki iwe kumi, ndiyo saa kumi ya daku. Majaribio yangu yote niliyafanya kwa saa za mchana, ambako ukitoa sita hupati hasi.

Nilikuwa na njia ya kujificha. Ningeongeza fanksheni mbili za kugawanya kwa kushuka, gawa_chini na baki_chini, alama nikaiacha vilevile, nikatangaza toleo jipya kwa mbwembwe. Asingejua mtu. Nimeziandika, nikazifuta, nikazirudisha. Maana nikiigusa alama yenyewe, programu za wenzake Zuhura wawili zitabadili majibu, na Jumamosi wazazi wanakuja kuzitazama. Mwalimu anaweza kuitupa Ukili, na miaka yangu mitatu iende nayo.

Mchana nikampigia mwalimu kumuulizia Zuhura.

"Kaacha klabu," akasema. "Kaniambia, basi mie hesabu sikujaaliwa."

Nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima mimi.

Kisha nikazifuta zile fanksheni na kuibadilisha alama. Mwalimu nimemweleza yote. Akasema nije kesho niseme mwenyewe darasani, halafu atanipeleka kwa kina Zuhura.

Nitakwenda. Hasira za Zuhura nitazibeba. Ninachoogopa ni kwamba atanisikiliza mpaka mwisho, aniitikie "sawa kaka" kwa adabu zake, na bado aamini kwamba hesabu si zake.