Mate Kwenye Miwani ya Baba Mkwe

Jumatano, 11 Agosti 1971

Mume wangu Ishmael ametuma miwani ya kuogelea kutoka Nairobi, anakofanya kazi kwenye bwawa la hoteli. Ni ya baba yake, Pasta Angwenyi. Alipasuliwa jicho, daktari kakataza maji yasiliguse — na Sabato hii anabatiza kwenye lambo hapa Nyansiongo! Kaijaribu uani. Macho ya chura. Punde vioo vikashika ukungu, akajigonga mlangoni.

Alhamisi, 12 Agosti

Kazi ya kuzuia ukungu nimepewa mimi, mke wa mwana. Nimepaka sabuni — ikamchoma hata lile jicho zima. Mama mkwe kanifokea. Nimesugua kiazi kibichi — ukungu uleule, na wanga juu yake. Ndipo wifi yangu Mokeira, aliyeileta, akanipa agizo la kaka yake: tema mate ndani, sugua, suuza kidogo. Eti huko hotelini wote hufanya hivyo.

Mate yangu! Machoni pa baba mkwe! Mimi ambaye hata mkono simpi, kiti chake sikigusi! Ishmael amekaa mjini mpaka amesahau heshima ya wakwe.

Ijumaa, 13 Agosti

Mokeira amerudi Nairobi. Wengine wanasema tumbaku husaidia. Tumbaku, kwa pasta! Sina la kufanya.

Sabato, 14 Agosti

Nimetema. Nyuma ya kichaka. Baba mkwe akavaa, akashuka majini hadi kiunoni, na baridi hii ya Agosti.

Alibatiza saba, kila mmoja kwa jina lake. Kisha akaingia wa nane, kavaa kanzu nyeupe — Bonareri! Mke wa pili wa Mogaka! Kanisa linamkataa miaka yote hii, mpaka kwanza amwache mume. Na watoto wanne aende nao wapi? Sote ukingoni tuliduwaa. Wimbo ulikatika.

Pasta akamtazama. Akamtazama kweli! Halafu akamshika mkono, akamzamisha. Jina hakulitaja.

Alipotoka niliipokea miwani. Ukungu hakuna, hata kidogo.

Jumapili, 15 Agosti

Wazee wa kanisa wamepata njia. Eti miwani ilishika ukungu, pasta hakuona ni nani. Kwa hiyo atabaki na kazi yake, na ubatizo wa Bonareri utafutwa. Baba mkwe hasemi kitu. Kesho wataniuliza mimi niliyeisafisha.

Jumatatu, 16 Agosti

Wameketi sebuleni kwetu. Mzee Nyasani ndiye aliyeniuliza.

— Kemuma, hiyo miwani ilikuwa na ukungu ama haikuwa?

— Ilikuwa safi.

— Unajua aje?

— Niliipaka mate.

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Nyasani akaanza kukohoa. Nilitamani ardhi inimeze. Nao wakamsahau Bonareri kabisa, wakaanza kujadili mate yangu, mpaka baba mkwe akainuka. Hakunitazama.

— Mimi niliona huyo mama vizuri. Nikambatiza.

Nikatoka mbio hadi jikoni. Huku namkuta Bonareri, amekuja kusikia hatima yake, anamenya ndizi zangu bila kuombwa. Sauti zinapanda huko ndani. Mama mkwe kaja kuagiza uji wa wazee, lakini mimi nisiguse kikombe cha mzee tena.

— Nani atapeleka, basi? nikamuuliza.

Bonareri akanawa mikono, akabeba sinia, akaingia nayo. Sauti zote zimenyamaza. Bado hajatoka —