Kifua cha Tuukka

Saimi, rafiki yangu, upo? Nakupigia nikiwa hapa nje kwa baba.

Ni kaka yangu. Tuukka! Wa kwanza kuniita kwa jina langu la kiume, Aarni! Aliyeapa kunipeleka hospitali kesho nikatolewe matiti!

Nimemkuta na baba wanawasha sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke. Namuuliza tunatoka saa ngapi, ananiambia, "Mdogo wangu, siendi. Wewe ulizaliwa msichana. Kwako huo ni urembo tu, si matibabu."

Urembo! Mbele ya baba! Na baba anachochea moto tu.

Si unajua Tuukka mwenyewe aliota matiti ujanani? Alikimbia sauna mwaka mzima kwa aibu ya kuvua shati mbele ya watu, mpaka akafanyiwa upasuaji. Bandeji nilimbadilishia mimi. Nani alisema urembo? Baba alilia: "Mtoto wa kiume ataishije hivi?"

Nikamuuliza, "Na upasuaji wako ulikuwa nini?"

Akacheka. "Mimi nilikuwa naumwa, bwana."

Yeye alikuwa anaumwa! Mimi ni urembo, Saimi!

Kisha akavua shati. Makovu yaleyale niliyoyaosha kwa mikono yangu. Akaingia sauna kifua wazi, baba nyuma yake. Mimi nikabaki mlangoni na koti langu mwilini.

Tuukka akageuka: "Funga mlango, joto linatoka."