Kinywa Wazi cha Mzungu Bubu

Dada Zaituni mpendwa,

Filamu bubu ya mchezo wa nyimbo ni mchezo ulioondolewa nyimbo, kisha ukauzwa kama mchezo. Jana hapa Mbale nililithibitisha hilo kwa macho yangu.

Vita vimekwisha, ukumbi wa sinema wa Nabuyonga umefunguliwa, na mwenye ukumbi hana filamu nyingine iliyosalimika ila hiyo. Binamu yetu Marjani, aliyekuwa mkalimani wa filamu, akiwasimulia watazamaji kinachosemwa, kabla hatujakimbia, alipewa onyesho moja la kujaribiwa: watazamaji wakiondoka, kazi hana.

Kwenye filamu, Mzungu mwenye kofia ndefu alisimama chini ya dirisha la mpenzi wake, akaachama kwa muda usio na adabu. Maandishi ya kueleza maneno yake hayakutokea. Marjani akakwama, na watu wakaanza kuinuka.

"Afande, huyu nasema nini?" mmoja akauliza. Ukumbi ukacheka, maana kwa watu wa hapa kila Mnubi kama sisi angali askari wa serikali iliyopinduliwa.

"Hasemi, bwana," Marjani akajibu. "Huyu naimba."

"Basi imba wewe."

Marjani akaimba wimbo wa arusi wa kwetu. Walioinuka wakaketi, wakapiga makofi, na kazi akaipata. Mzungu aliendelea kuachama bila haya, akishangiliwa kwa sauti isiyo yake. Haiba ya filamu hizi ni hiyo tu.

Mvua ya mlimani haikatiki. Nibusie watoto, na Mungu awalinde hapo Kimaka. Ila nijibu, wewe unayeishi na majirani wale wale tuliowakimbia: je, wangemvumilia Marjani akiimba kwa kinywa chake mwenyewe?

Nduguyo,
Idrisa