Beberu ni wa Wawili

Poznan, Poland
Jumapili, baada ya misa

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, inua macho uangalie Renatus yuko wapi. Kama amekaa hapo kwenye benchi anakunywa uji, ikunje barua hii uifunge kwenye pindo la kanga, umwambie utaisoma ukipata miwani. Akienda kuoga, au akitoka kwenda kusalimia majirani, ndipo uifungue tena.

Sasa nikusalimie vizuri. Hujambo mama? Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa dada Kabula inakusaidia, au umeshampa jirani kama kawaida yako? Na Baba, bado anabishana na redio? Mimi huku ni mzima. Theluji imeyeyuka imebaki matope, na bado nipo kwenye ghala lile lile, napakia vipuri vya magari kwenye maboksi. Nakula vizuri, ingawa unga wa ugali tunaupata kwa shida, na ukipatikana unanuka boksi. Mwili hauna neno. Roho ndiyo inayoniuma, na ndiyo sababu ya kuandika.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Ukiweka sauti kubwa, hata watu wanaopita kwenda mnadani wanajua habari zangu. Hili nataka ulijue wewe kwanza.

Nilipokwambia kwamba siji tena, na kwamba anayekuja ni Renatus, ulisema, "Si kitu, nyie ni wamoja. Akija yeye umekuja wewe." Mimi nikanyamaza, wewe ukadhani mtandao umekata. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Unazikumbuka zile karata ulizoziona kwenye video, ukauliza kama tumeanza kamari? Si kamari. Ni mchezo wa watu wawili, kila mmoja na karata zake alizozichagua na kuzipanga mwenyewe nyumbani. Hilo fungu lake linaitwa deki. Karata zimechorwa viumbe: tembo wenye mabawa, nyoka wa mtoni, wanyama ambao Mungu hakuwaumba. Unaweka kiumbe chako mezani, mwenzako anaweka chake, vinapigana, na atakayemaliza nguvu za mwenzake ndiye mshindi. Huku watu wazima wenye ndevu na kazi zao wanaucheza kila Jumamosi kwenye duka moja karibu na stesheni ya treni, tena kwa moyo wote. Sisi tuliingia humo kwa sababu chumba chetu kina baridi na duka lina joto. Basi tukanasa.

Wengi wao wanakimbilia viumbe vikubwa vyenye meno. Mimi sikufanya hivyo, mimi niliijenga deki yangu kwa kufuata zizi lako. Wewe hukuwahi kumchinja mnyama ambaye hajaacha kitu. Ukiletewa mbuzi jike, swali lako la kwanza ni amezaa mara ngapi, na kuku asiyetaga wala kuatamia hamalizi mwezi kwako. Basi nami nikachagua viumbe ambavyo kila kimoja kikiingia mezani kinaingia na kitu mkononi. Yupo bundi, mdogo, hata kupigana hawezi, lakini akiingia ananipa karata nyingine. Yupo nguruwe pori, anaingia na watoto. Yupo bibi kizee mwenye kikapu, yeye anamrudisha kiumbe aliyekwisha kufa. Mpinzani akimuua bundi wangu namwambia ahsante, maana bundi ameshaniachia changu. Tukienda hivyo, pole pole, yeye anabaki mikono mitupu na mimi zizi limejaa. Pale dukani walinicheka kwamba nachezesha mifugo. Baadaye waliacha kucheka, mama, na mmoja akaanza kuniomba nimfundishe.

Lakini sikuijenga peke yangu. Sanduku letu la karata ni moja, mimi na Renatus, kama kila kitu kilivyokuwa kimoja tangu ulipomleta nyumbani. Sikukumbushi kwa sababu umesahau. Ni kwamba mwenyewe siwezi kuieleza habari hii bila kuanzia pale: mama yake, yule aliyekuwa akianika dagaa kule ufukweni, alipofariki, ulimshika Renatus mkono ukamleta Misungwi na kaptura yake moja, ukasema kuanzia leo analala na Sayi. Tukalala kitanda kimoja mpaka miguu ikazidi kitanda. Shule pamoja, kibarua pamoja, pasipoti pamoja. Na Jumapili huku, baada ya misa, tulikuwa tunazimwaga karata kitandani tunachambua. Yeye anakuwa adui, mimi najaribu deki yangu. Ana jicho zuri, sitamnyima haki yake. "Huyu fisi anakula tu, haleti kitu. Mtoe." Nikimtoa, naona kweli deki imekuwa nyepesi.

Kisha duka likatangaza kwamba atakayeshinda mashindano yao ya mwaka atalipiwa safari ya kwenda kwenye mashindano makubwa, na mara hii mashindano makubwa ni Nairobi. Mama, niliposikia Nairobi niliketi chini. Nairobi maana yake ni basi la Sirari, Musoma, nikiona Igoma nijue nimefika Mwanza, kisha Misungwi, kisha mlango wako. Tangu tuondoke sijakuona ila kwenye simu, na kwenye simu unanionyesha paji la uso tu. Nilitaka kukuona mzima mzima, na miguu.

Renatus alijua. Na bila mimi kumwomba alisema, "Tukikutana fainali, mimi naweka karata chini, wewe nenda. Wewe una mama anakusubiri. Wa kwangu yuko udongoni, hata nikichelewa hanung'uniki." Nilimkumbatia. Sitakuficha, nililia.

Sasa sikiliza alivyonifanya. Deki yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kuna karata inaitwa Kiangazi. Ikiwa mezani, kila kiumbe anayeingia anaingia mikono mitupu: bundi haleti karata, nguruwe hana watoto, kikapu cha bibi kizee hakina kitu. Watu hawaibebi, maana dhidi ya deki za wengine haina kazi yoyote. Inaniua mimi tu. Kwa tahadhari nilikuwa nimeweka ngedere, ambao kazi yao ni kuirarua karata kama hiyo ikijitokeza. Ugonjwa huo tuliujua watu wawili, mimi na yeye. Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano aliichambua deki yangu akasema, "Hawa ngedere unawabeba bure. Nani atakuja na Kiangazi? Halafu hawaachi kitu hawa. Mama asingewafuga. Watoe, ongeza nguruwe."

Mama asingewafuga. Alinimaliza kwa maneno yako.

Nikawatoa. Siku yenyewe nilishinda tangu asubuhi, watu wakawa wanasimama nyuma yangu kutazama. Naye akawa anashinda meza za upande wa pili. Tukakutana fainali kama tulivyoota. Nilikaa nikamwangalia, nikisubiri aweke karata chini kama alivyosema. Yeye akawa anazichanganya.

"Vipi?" nikamuuliza kwa Kisukuma, ili wale wasielewe.

"Tucheze kidogo," akasema. "Watu wanatazama. Wasije wakasema tumepanga."

Nikaona ana hoja. Nikaingiza bundi, nikapata karata. Nikaingiza nguruwe na wanawe. Nilikuwa mbele, hata nikaanza kumhurumia. Ndipo akaiweka Kiangazi mezani, taratibu, bila kuniangalia. Ilikuwa imevaa plastiki mpya. Mama, ile si karata aliyoiokota kwenye sanduku letu, humo haikuwemo. Aliitafuta mahali akanificha, halafu akaketi kitandani kwangu akanishauri nitoe ngedere.

Nikaendelea kucheza kwa sababu sikujua la kufanya. Bundi akaingia mtupu. Bibi kizee akaingia mtupu. Nilikuwa kama mtu anayeingiza mifugo kwenye zizi lisilo na maji, naye akawa anaua mmoja mmoja. Yule mwenye ndevu niliyemfundisha akaniuliza, "Wale nyani wako wako wapi?"

Walipompigia makofi nilipiga na mimi. Njiani kurudi, kwenye tramu, nilimuuliza kwa nini. Kwanza akasema, "Mchezo ni mchezo, Sayi." Nikamwambia hilo akawaambie wazungu. Vituo viwili vitatu mbele akasema, "Na mimi nataka kumwona Mama."

Nikamwambia, "Mama yangu."

Akasema, "Ndiyo. Mama."

Hapo ndipo ninapokwama mpaka leo, kwa sababu siwezi kusema anadanganya. Najua anakupenda. Najua kuna siku anakutaja kabla yangu. Lakini angeniambia. Angesema tu, ndugu yangu, mimi pia hamu imenizidi, siwezi kukuachia. Ningewaacha ngedere wangu mahali pao, tukacheza kiume, na kama angenishinda ningembebea begi mpaka uwanja wa ndege. Alichofanya ni kunigeuka huku amenikumbatia. Nimeshaibiwa huku, nimeshatukanwa barabarani kwa rangi yangu, nikalala nikaamka yakaisha. Hili haliishi. Tunalala chumba kimoja na sijui nimsalimie vipi asubuhi.

Jana alikuja kwa macho makavu, begi liko mgongoni analijaribu uzito, akasema, "Una mzigo wa Mama?" Nikamwambia upo, sweta lako na barua hii. Bahasha nitaigandisha kwa gundi ya ghalani, ile ya maboksi. Ikikufikia imechanika, ujue ameisoma. Na kama ni wewe unayeisoma, Renatus, huko angani, basi imalize, kisha mpelekee Mama hivyo hivyo ilivyo. Usije ukaitupa. Nitamuuliza.

Mama, usimfukuze. Sikuandikii ili umchukie, hutaweza na mimi sitaki uweze. Mpashie maji ya kuoga. Mtafutie furu wa ziwani wa kukaanga, huku alikuwa anawaota. Alale kwenye kitanda chetu, upande wake wa mlangoni. Upande wa ukutani usitandikwe, uache kama ulivyo.

Nisalimie Baba, mpe shikamoo yangu, umwambie redio haimsikii. Dada Kabula mwambie picha za watoto zimefika, na yule mdogo amechukua pua ya kwetu, pole yake. Baba mdogo wa Butimba mwambie sijaisahau ahadi yangu ya viatu. Shangazi anayekuletea maziwa mwambie namshukuru kwa kukuangalia. Usiwaambie haya mengine.

Nina ombi moja tu. Siku tunaondoka ulitusimamisha mlangoni pa zizi, ukatuonyesha yule kibeberu mweusi mwenye doa kwenye paji la uso, alikuwa bado ananyonya. Ukasema huyu hachinjwi Krismasi, hachinjwi kwa mgeni, hachinjwi mpaka siku mtakaporudi. Kabula ananiambia sasa ana pembe za kutisha na nusu ya zizi ni watoto wake. Kwa kanuni yako ameshaacha vya kutosha, na ninajua ukimwona Renatus anakuja na begi njiani, utamwita Baba alete kisu kabla hujamsalimia.

Mchinjie kuku. Mkubwa, wala usimnyime firigisi. Ataulizia beberu, lazima, maana alikuwepo ukisema. Akiuliza, umpeleke mpaka zizini amwone, umshike bega kama ulivyotushika, umwambie, "Nilisema siku mtakaporudi." Usiongeze neno. Mwache asimame hapo amtazame yule beberu mpaka atakapochoka.

Ni mimi mwanao wa upande wa ukutani,

Sayi